Kokoto Iliyokosa Kibuyu

Sitaeleza nilivyofika Wastani. Njia ya kwenda huko haina kibao, na wengi waliowahi kufika walikuwa wanakwenda kwingine. Inatosha kusema kwamba mimi, Fundi Mbwana, mshona makoti, niliingia nchi ile na vidole kumi vya miguu nikatoka na vinane, na kwamba kila asubuhi nikivaa viatu nawakumbuka kwa shukrani watu wawili: daktari mmoja, na mzee mmoja aliyebaki na kokoto mkononi. Nikionekana nateta humu ndani, msomaji anisamehe, ndiyo hulka yangu. Lakini ninachoandika ni shukrani.

Nilikuwa nimeitwa kushona sare za wahudumu wa hospitali kuu ya nchi ile. Asubuhi ya kwanza nilijitundika futi shingoni nikaenda kuwapima. Mlangoni nilipokewa na ofisa wa Wizara ya Matakwa, Bwana Sururu, mtu mpole, msafi, aliyevaa koti ambalo mabega yake yalikuwa yameteremka hadi karibu na viwiko. Akaniambia nisijisumbue kumpima mtu, kwani vipimo vipo tayari.

"Vipimo vya nani?" nikamuuliza.

"Vya wote. Tulimpima kila mhudumu, tukajumlisha, tukagawanya. Utashona saizi moja tu, Fundi. Itakurahisishia kazi."

"Na itamfaa nani?"

"Itamfaa mtu wa kawaida."

"Huyo mtu wa kawaida yuko wapi, nimpime mara moja tu nijiridhishe?"

Bwana Sururu aliwaza kwa uaminifu kabisa. "Bado hatujampata," alisema. "Lakini hesabu inaonyesha kwamba yupo."

Nilishona. Fundi hashindani na mwenye kitambaa. Wahudumu warefu wakawa wanatembea vifundo nje, wafupi wakikanyaga pindo, na wote walinipa ahsante kwa adabu kubwa, maana Wastani ni nchi ya watu waungwana. Barabara zao zimefagiliwa, wanasalimiana kwa kituo, na sikusikia mtu akipandisha sauti mpaka nilipoipandisha mimi.

Siku tulipozoeana, Bwana Sururu alinieleza sheria yao ya matibabu, ambayo ndiyo fahari ya nchi. Zamani, alisema, kila mgonjwa alivutana na daktari wake kivyake. Madaktari wengine waliamua kila kitu bila kumuuliza mtu, na wagonjwa wengine walikuja na majibu yao kutoka nyumbani. Serikali ikaona penye wengi hapaharibiki neno, bora watu wenyewe waulizwe. Waulizaji wakatumwa katika magulio yote, wakamsimamisha kila mwenye kapu na kumwuliza: ukiugua, ungependa uamue mwenyewe, au daktari akuamulie?

"Wakajibuje?"

"Kila mtu lake. Wako waliosema mwili ni wangu, neno ni langu. Walio wengi walisema daktari ndiye aliyesoma, basi aamue. Tukajumlisha, tukagawanya, tukapata theluthi. Mgonjwa wa Wastani anataka kuamua theluthi moja ya matibabu yake."

"Ni wangapi waliosema wanataka theluthi?"

"Hakuna hata mmoja," alisema Bwana Sururu. "Lakini wote kwa pamoja waliitaka."

Basi sheria ikatungwa hivi. Katika kila chumba cha daktari huketi mtu wa tatu aitwaye Mshika Zamu. Mbele yake pana upatu wa shaba, vibuyu viwili, na bakuli la kokoto nyeusi na nyeupe. Jambo lolote likitajwa linalohitaji uamuzi, hupiga upatu. Jambo la kwanza ni la daktari, la pili ni la daktari, la tatu ni la mgonjwa, kisha zamu huanza upya. Daktari akiamua, kokoto nyeusi huingia kibuyu chake. Mgonjwa akiamua, nyeupe huingia chake. Mwisho wa shughuli kokoto humwagwa mezani. Zikionekana hazina uwiano wa mbili kwa moja, matibabu yote ni batili, na mgonjwa hupangiwa siku nyingine mbele ya baraza, ambalo hukutana mwezi unapoandama.

Nilipoona sheria hiyo ikifanya kazi ndipo nilipoelewa kwamba haijali jambo ni kubwa au dogo. Kufungua dirisha ni jambo. Kukata utumbo nako ni jambo. Watu wakajifunza kuicheza. Mitaani kulikuwa na kina mama mashuhuri waitwao Wapanga Maswali, ambao huingia na mgonjwa na kurusha maswali mawili ya kipuuzi ili daktari apoteze zamu zake, na lile zito limwangukie mgonjwa. Madaktari nao wakawa wajanja. Huanza kwa kuuliza wenyewe kama mgonjwa akohoe sasa au baadaye, ili kuvuruga mpango. Niliambiwa juu ya bwana mmoja aliyekwenda kung'olewa jino, maswali yakachanganyika, ikatokea daktari ndiye anayeamua bwana huyo aegemeze shavu lipi, na bwana mwenyewe ndiye anayeamua kiasi cha dawa ya usingizi. Alisema, "Nyingi." Alilala mpaka harusi ya mwanawe ikapita, na picha zilipoletwa alionekana kwenye machela pembeni ya keki.

Jioni watu wa Wastani hunywa kahawa na kujadiliana. Kuna kundi la Wenye Kauli, wanaotaka theluthi iwe nusu, na kundi la Wenye Kuachia, wanaotaka iwe robo. Hoja zao ni nzuri na nimezisikiliza kwa heshima. Jambo moja tu lilinishangaza: wote walikuwa wazima. Sikumwona mgonjwa hata mmoja katika baraza lile, na nilipouliza sababu, niliambiwa wagonjwa hawana subira ya mjadala.

Nilipanga kwa mjane mmoja, Bi Mashavu, mwanamke mnene wa maneno na mwepesi wa miguu, ambaye alikuwa akiniita kaka tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyenifungua macho.

"Muulizaji alipofika hapa, kaka, marehemu mume wangu alitoka kifua mbele," aliniambia huku akichambua mchele. "Akasema kila kitu ataamua mwenyewe, yeye si mtoto. Homa ilipomkamata alinishika kanga akasema, Mashavu, mwambie daktari afanye anachojua, mimi sitaki kusikia. Na mimi nilikuwa nimesema daktari aamue, basi. Nilipokwenda kujifungua wa pili sikutaka mtu aniguse bila kuniambia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanatuuliza tukiwa gulioni, tena na mchicha kichwani."

"Mbona hamkuwaambia waje tena?"

"Walisema tumeshajibu."

Nilicheka sana. Nilicheka kwa sababu mguu ulikuwa bado haujanihusu.

Ulinihusu siku niliyokanyaga msumari kizingitini mwa nyumba ile ile. Mimi ni mtu wa kisukari, na miguu yangu ina ganzi, kwa hiyo sikuhisi chochote mpaka nilipoona damu kwenye mkeka. Nikaufunga mguu kwa kipande cha bitana nikaendelea na kazi. Bi Mashavu alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia simfichi mtu, nimeufunga tu. Muda si muda mguu ukavimba, vidole viwili vya mwisho vikawa na rangi ambayo sipendi kuikumbuka, na harufu ikaanza kunitangulia chumbani.

Bi Mashavu alikodi mkokoteni, na njia nzima alikuwa akinipanga. "Sikiliza, kaka. Swali kubwa ni wakate au wasikate. Hilo lazima likuangukie wewe. Tukiingia nitauliza habari ya pazia, daktari aamue. Kisha nitauliza habari ya dirisha, aamue. La tatu ndilo lako. Wewe usifungue mdomo. Ukisema hata unataka maji, umeharibu."

Niliapa kunyamaza. Niliogopa, na sikuona haya kuogopa. Sikuwa na shaka juu ya ninachokitaka. Mguu ni wangu, nimekuja nao kutoka kwetu, nitarudi nao.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, rika la binti yangu, jina lake Ruzuna. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na sare yake nilikuwa nimeishona mimi mwenyewe: mikono ilikuwa imemzidi, ameikunja mara nyingi. Nilitahayari kidogo. Kando aliketi Mshika Zamu, Mzee Mbaruku, mtu mkavu, mnyoofu, mwenye kofia safi iliyokaa kichwani bila kuegemea upande wowote.

Kabla Bi Mashavu hajafungua mdomo, Mzee Mbaruku alipiga upatu. "Mgonjwa ni mgeni," alisema. "Apokewe au asipokewe? Zamu ya daktari."

"Apokewe," alisema Daktari Ruzuna. Kokoto nyeusi ikalia kibuyuni.

Bi Mashavu alinitazama, uso umemshuka. Jambo hilo hatukulihesabu. Hata hivyo, ulimi wake ulikuwa umeshaondoka. "Pazia je, lifungwe?"

Upatu ukalia. "Zamu ya daktari."

"Lifungwe."

Sasa zamu iliyofuata ilikuwa yangu, na ilibidi jambo kubwa litajwe hapo hapo. Bi Mashavu akavuta pumzi. Lakini mhudumu aliyekuwa ameinama miguuni pangu, katika sare iliyomfika magotini, akauliza kwa upole, "Nimfungue kitambaa?"

Upatu ukalia. "Zamu ya mgonjwa," alisema Mzee Mbaruku. "Kitambaa cha mguu kifunguliwe au kisifunguliwe? Mgeni, amua."

Hiyo ndiyo theluthi yangu. Nchi nzima ilikuwa imeulizwa, ikajumlishwa, ikagawanywa, ili mimi niwe na kauli juu ya kipande cha bitana.

"Kifunguliwe," nilisema. Kokoto nyeupe ikaingia.

Bi Mashavu hakukata tamaa. Aliuliza habari ya dirisha, likawa la daktari, likafunguliwa, na kwa harufu ile uamuzi huo ulikuwa wa haki. Alihitaji swali jingine moja tu la kipuuzi. Alikuwa anatazama kila pembe ya chumba, akilitafuta, wakati Daktari Ruzuna alipoinama na kuuona mguu wangu kwa mara ya kwanza.

"Huu mguu," alisema polepole, kama mtu anayejisemea, "sijui kama tutauacha."

Upatu ukalia. "Mguu ukatwe au usikatwe," alisema Mzee Mbaruku. "Zamu ya daktari."

Bi Mashavu aliketi chini kwa kishindo. Nikasahau kiapo changu nikapandisha sauti, nikasema sikuja Wastani kugawanywa, mguu ni wangu, na nitakayemwona na msumeno tutaonana. Mzee Mbaruku alingoja nimalize. Kisha akanieleza, bila ukali wowote, kwamba jambo likishatajwa halifutiki, na kwamba tukilikataa shughuli ni batili, na baraza litakutana mwezi unapoandama.

"Mpaka mwezi uandame atakuwa amekufa," alisema Daktari Ruzuna.

"Basi amua, daktari. Sheria inakutaka uamue."

Daktari aliutazama mguu, akanitazama usoni, akautazama mguu tena. Alikuwa akiikunjua na kuikunja upya ile mikono ya sare niliyomshonea vibaya. Nilijua anachofikiri. Kama angesema ukatwe, kazi yake ingekwisha, na hakuna mtu katika nchi ile ambaye angemlaumu.

"Nimeamua," alisema.

"Sema."

"Nimeamua kumuuliza."

Mzee Mbaruku aliiacha kokoto nyeusi ikining'inia juu ya kibuyu. "Huo si uamuzi."

"Zamu ni yangu au si yangu, mzee?"

"Ni yako."

"Sheria inasema daktari aamue. Inasema aamue nini?"

Nilimwona mzee yule akiipitia sheria yote kichwani, midomo ikicheza bila sauti, tangu kifungu cha kwanza hadi cha mwisho. Ilichukua muda. "Haisemi," alikiri, na kokoto ikaanguka.

Daktari Ruzuna akavuta kigoda akaketi karibu nami, uso wake usawa na wangu. "Fundi, mguu huu una kazi gani?"

Niliona kama nimetukanwa. "Kazi ya mguu. Wako una kazi gani?"

"Wangu ni wa kusimama kutwa. Nauliza wa kwako."

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda kwa sababu katika maisha yangu yote hakuna daktari aliyewahi kuniuliza kitu kisichokuwa na jibu la ndiyo au siyo. Nikamweleza kwamba nashona kwa cherehani ya kukanyaga, kwamba kuikimbiza ni kazi ya mtu yeyote, hata mguu wa kushoto peke yake unaweza. Kazi ni kuisimamisha. Ukifika kwenye kona ya kola, sindano lazima isimame ikiwa imezama ndani ya kitambaa, si kabla wala si baada, ndipo ukigeuze. Mguu wa kulia ndio unaojua hilo.

"Mguu wote?"

"Kisigino."

"Kisigino," alisema. "Si vidole?"

"Vidole vinafuata tu. Vidole ni pambo."

Hapo Daktari Ruzuna alitabasamu kwa mara ya kwanza, na Bi Mashavu chini sakafuni akacheka kwa pua. Kisha daktari akanieleza mambo kama yalivyo. Akinikata juu ya kifundo leo, ana hakika karibu yote kwamba nitapona. Akikata vile vidole viwili na kusafisha nyama iliyooza, kisigino kinaweza kubaki. Lakini uozo ukipanda, itabidi akate chini ya goti, na huenda akawa amechelewa, na hapo hazungumzii mguu tena.

Upatu ukalia, taratibu kidogo kuliko mwanzo. "Zamu ya mgonjwa."

Hiyo ndiyo zamu tuliyoitafuta kwa hila tangu nyumbani. Ilikuwa mikononi mwangu, kamili, na nikagundua kwamba siitaki. Sikuitaka hata kidogo. Nilimwona binti yangu kule kwetu akipokea habari. Nilijiona nimelala ugenini, naoza kwa ubishi wangu. Nikamkumbuka marehemu mume wa Bi Mashavu ameshika kanga ya mkewe, na sikumcheka tena.

"Naamua," nilisema, "daktari aniambie yeye angefanya nini. Kama ningekuwa baba yake."

Mzee Mbaruku hakubisha safari hii. Kokoto nyeupe ikaingia kibuyuni.

"Baba yangu ningemkata kifundo leo hii," alisema Daktari Ruzuna. "Ni mbishi. Hatalala kitandani, hataacha sukari, ataficha homa. Wewe sijui. Wewe ni mbishi?"

"Sana," alisema Bi Mashavu.

"Nitalala," nilisema.

"Na chai?"

"Nitakunywa bila sukari."

"Na homa ikikupanda?"

"Nitasema. Na nisiposema, huyu atasema."

"Nitasema hata isipopanda," alisema Bi Mashavu.

Tukaendelea hivyo. Siwezi kusema maneno yapi yalikuwa ya nani. Nilimuuliza uozo unapandaje, akanionyesha ule wekundu kwenye ngozi, ulipofikia siku ile. Nikasema kitambaa kinachoweza kufumuka huwekewa alama mapema, mahali pa kusimama, nikatoa chaki yangu ya fundi mfukoni. Akasema chaki itafutika, akachukua kalamu ya wino. Alichora mstari kuzunguka mguu, chini kidogo ya kifundo. Nikamwambia umepinda. Akaufuta kwa spiriti akauchora upya, mimi nikimwelekeza. Tukakubaliana: vidole viwili leo. Wekundu ukibaki chini ya mstari, mguu unabaki. Ukivuka mstari, anakata bila kuniuliza tena, na mimi nisipige kelele.

"Usinilaumu," alisema.

"Sitakulaumu, mwanangu. Mstari ni wetu."

Wakati wote huo Mzee Mbaruku alikuwa anainua mchi wake wa kupigia upatu na kuushusha. Aliuinua niliposema alama, akaushusha. Aliuinua daktari alipochora, akaushusha. Tulipomaliza alikuwa ameshika kokoto mbili kiganjani, moja nyeusi na moja nyeupe, kisha nyeupe akairudisha bakulini, kisha akaitoa tena.

"Hili la mstari," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli, "nani ameamua?"

Mimi na daktari tulitazamana. Hatukuwa tunamfanyia ujeuri. Hatukujua.

"Andika wote wawili," alisema Bi Mashavu.

"Hakuna kibuyu cha wote wawili, mama."

Alizimwaga kokoto mezani akazipanga. Nyeusi zilikuwa nne, nyeupe mbili, uwiano sawasawa, halali kabisa, ilmradi lile la mstari lisiingie popote. Mzee Mbaruku alivitazama vibuyu vyake kwa muda mrefu. Kisha akairudisha nyeusi bakulini, ile nyeupe akaitia mfukoni mwa kanzu, akapiga upatu wa kufunga shughuli.

Vidole vilikatwa siku hiyo. Kuhusu siku zilizofuata sina mengi ya kusema, maana kazi yangu ilikuwa kulala, na nililala. Wekundu ulipanda. Kila asubuhi Daktari Ruzuna aliinua shuka na sisi wawili tuliutazama mstari wetu. Kuna asubuhi wekundu uliugusa. Alinitazama, nami nikamwambia mapatano yalikuwa kuvuka, si kugusa, lakini kama anaona vingine aseme. Akasema tungoje mpaka adhuhuri. Alikuja kabla ya adhuhuri, akaja tena, na mara ya tatu akaketi kwenye kigoda akaegemeza kichwa ukutani. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma, upana wa uzi. Nililia. Yeye alisinzia pale pale alipoketi, na Bi Mashavu akamtupia kanga.

Niliposimama tena, jambo la kwanza nililofanya ni kumpima daktari yule kwa futi, mabega, mikono na kiuno, nikamshonea sare mpya. Ilikuwa kinyume cha sheria. Bwana Sururu alipomwona ndani yake alisimama akamtazama, akasema kwa huzuni kwamba sare hiyo haitamfaa mtu mwingine yeyote. Nikamwambia ndiyo, ndivyo nguo ilivyo.

Mzee Mbaruku alikuja kuniaga usiku wa mwisho wa kukaa kwangu, kofia yake imeegemea upande. Alisema mkewe amelazwa, na kwamba amekaa naye ndani ya chumba kile kile, akisikia mwenzake akipiga upatu. Akasema ilipofika zamu ya daktari alimnong'oneza mkewe jambo, na mkewe akamwomba daktari aamue kuuliza. "Nimeishika kazi hii tangu ujana," alisema, "na sikujua kwamba linaruhusiwa." Akatoa ile kokoto nyeupe akaniwekea kiganjani. "Sijapata pa kuitia. Nenda nayo wewe."

Sikusikia kwamba Wastani wamebadilisha sheria. Nilipoondoka, Wenye Kauli na Wenye Kuachia walikuwa bado wanajadiliana, na waulizaji wapya walikuwa wakiandaliwa kwenda magulioni. Nawaombea kheri. Ni watu wema, na kwa wema wao nina kisigino.

Kwetu, niliporudi, nilikwenda hospitali kuangaliwa mguu. Daktari alikuwa kijana, foleni nje ilikuwa ndefu, na alianza kuandika dawa kabla sijaketi vizuri. Sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amempa zamu ya kufanya vingine.

"Mwanangu," nilimwambia, "kabla hujaandika, niulize kisigino hiki kina kazi gani."

Aliinua kichwa. Nadhani aliona nimechanganyikiwa. Alitazama mlango, akatazama karatasi, akautazama mguu wangu wenye vidole vitatu. Kisha akaweka kalamu mezani, akavuta kiti chake mbele.

"Haya, baba," alisema. "Kina kazi gani?"

Niliigusa kokoto mfukoni, nikaanza kumweleza.